Mvukuto unaovujisha mwanga kwenye kamera za kukunja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyekuta kamera ya kukunja kwenye sanduku la babu, au aliyeinunua mnadani, akapiga filamu moja na kupata picha zenye mawingu meupe mahali pasipokuwa na wingu. Kamera hizo zinastahili kuokolewa. Lenzi zake nyingi bado ni nzuri, shata zake za chuma (vilango vinavyofungua na kufunga njia ya mwanga) hurudi kazini zikisafishwa, na filamu ya 120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1901, inatengenezwa hadi leo. Kinachochoka mapema ni mvukuto, na mvukuto unatengenezeka juu ya meza ya kawaida.

Mvukuto ni upi hasa, na kwa nini unatoboka?

Ni ile sehemu nyeusi yenye mikunjo inayounganisha lenzi na mwili wa kamera. Kazi yake ni kuweka giza kati ya lenzi na filamu, huku ukikunjika ili kamera iingie mfukoni. Kila unapofungua na kufunga, mikunjo inasuguana, na panapoumia zaidi ni kwenye pembe, pale mikunjo ya pande mbili inapokutana. Itazame kwa karibu pembe ya mvukuto uliochoka: kwanza rangi imechubuka, halafu nyuzi za kitambaa zimejitokeza, halafu juu kabisa ya kona kuna kitundu cha ncha ya sindano. Sehemu bapa za katikati hutoboka kwa nadra. Ukikuta tundu huko, mara nyingi ni kazi ya mdudu au kitu chenye ncha.

Mbona kamera za Agfa zinatajwa sana kwa tatizo hili?

Kwa sababu ni kweli. Agfa Isolette, iliyoundwa Munich kuanzia miaka ya 1930 hadi kufikia mwaka 1960, ni kamera ndogo nzuri ya picha za mraba za sentimita 6 kwa 6. Lakini nyingi zilizotoka baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilifungwa mvukuto wa kitambaa chenye utando wa plastiki badala ya ngozi. Utando huo hukakamaa na kupasuka kwenye kila kona. Hali ni ileile kwa Ansco Speedex zilizouzwa Marekani, maana ni Isolette zenye jina jingine. Ukinunua Isolette ambayo mvukuto wake haujawahi kubadilishwa, hesabu kabisa kwamba unavuja mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Zeiss Ikon Nettar na Ikonta, kwa upande mwingine, mara nyingi zina mvukuto wa ngozi ambao bado unafanya kazi baada ya miaka 70. Nao unachakaa, ila huchakaa kona moja moja, na hapo ndipo kuziba kunapolipa.

Nitajuaje kwamba ni mvukuto unaovuja na si kitu kingine?

Swali hili lije kabla ya gundi yoyote. Watu wengi hupaka rangi mvukuto mzima kumbe mwanga ulikuwa unapita mlango wa nyuma.

Weka negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, kwenye mwanga, uangalie doa linaishia wapi. Ndani ya kamera, filamu imelala nyuma ya fremu ya chuma, na fremu hiyo ndiyo inayoacha ukingo mtupu pande zote za picha. Mwanga ukitoka kwenye mvukuto lazima upite ndani ya fremu hiyo, kwa hiyo doa hukatika pale picha inapokatika. Ukiona weusi umevuka picha ukaingia kwenye ukingo wa filamu, penye namba, mwanga umetokea nyuma: mlango uliopinda, bawaba, au filamu iliyolegea wakati wa kuitoa. Kumbuka kwamba kwenye negativu palipopigwa na mwanga huonekana peusi, na kwenye picha huonekana peupe.

Doa la duara katikati ya picha, hasa likiwa na kivuli cha namba au maandishi ya karatasi ya nyuma, ni la kidirisha chekundu, kile cha mgongoni mwa kamera cha kusomea namba za filamu. Vidirisha hivyo vilitosha enzi za filamu zisizohisi rangi nyekundu. Filamu nyingi za sasa zinaihisi. Kifunike kwa kipande cha utepe mweusi na ukifungue tu wakati wa kuvuta filamu, ukiwa kivulini.

Doa la mvukuto huwa halina kingo kali. Ni wingu au mstari mpana unaofifia, na hujirudia karibu mahali palepale kwenye picha kadhaa, zito pale kamera ilipokaa wazi juani kwa muda mrefu na jepesi pale ulipopiga ukafunga haraka. Mabadiliko hayo ya uzito kati ya picha na picha ni ushahidi mzuri sana.

Doa liko juu kushoto mwa picha. Nitafute kitundu upande gani?

Anza juu kushoto mwa mvukuto, ukiwa umeshika kamera kama ulivyoishika wakati wa kupiga. Mwanga wa kitundu cha juu huvuka na kugonga sehemu ya chini ya filamu. Lakini lenzi nayo hupindua picha juu chini, kwa hiyo sehemu ya chini ya filamu ndiyo juu ya picha. Mambo hayo mawili yanafutana. Kitundu kilicho karibu sana na filamu kinaweza kukudanganya, ila kama mahali pa kuanzia, kanuni hii inaokoa muda.

Kitundu kidogo kiasi hicho kina madhara kweli?

Kina madhara kuliko watu wanavyodhani. Chukua kitundu cha nusu milimita kilicho sentimita 8 kutoka kwenye filamu. Gawanya milimita 80 kwa 0.5 na unapata f/160, namba ya ukubwa wa tundu: ikiwa kubwa, mwanga unaopita ni mdogo. Sasa tuseme picha yako inahitaji f/11 kwa sekunde 1/100. Tundu la f/160 linapitisha mwanga pungufu karibu mara 210, lakini kitundu hakina shata. Kikielekea mandhari yenye mwanga uleule, ndani ya sekunde 2 hivi kitakuwa kimemwaga mwanga wa kutosha picha nzima. Hata ukipunguza kwa sababu mwanga unaingia kwa mshazari, wewe unakaa na kamera wazi kwa dakika nzima ukisubiri mtu atabasamu.

Hesabu hiyohiyo inakupa nafuu ya haraka, nayo nimeieleza mbele kidogo.

Ninaukaguaje mvukuto?

Ingia chumba chenye giza kamili, usiku ikiwezekana, na ukae humo dakika kama 10 macho yazoee. Toa filamu, fungua mlango wa nyuma, hakikisha shata imefungwa, kisha unyooshe mvukuto hadi mwisho wake wa kawaida.

Taa ndogo ya LED ndiyo bora. Tochi ya simu nayo inafaa: ilaze simu juu ya fremu ya filamu taa ikiangalia ndani, kisha fungia kamera na simu pamoja kwa kitambaa cheusi kizito ili mwanga usitoroke pembeni. Epuka balbu za zamani zinazopata joto, kwa kuwa zinaweza kulainisha gundi ya mikunjo.

Sasa izungushe kamera polepole mbele ya macho. Vitundu vitaonekana kama nyota. Usitosheke na upande mmoja wa kutazama: kitundu kilichojificha kwenye bonde la mkunjo huonekana tu ukilitazama bonde hilo moja kwa moja. Minya kila pembe kwa ncha ya kidole bila nguvu, na usogeze mbele ya kamera kidogo kushoto na kulia, kwani kuna mipasuko inayofunguka mvukuto ukivutika tu. Halafu kagua mahali panaposahaulika zaidi, yaani pale mvukuto ulipogundishwa kwenye bamba la lenzi na pale ulipogundishwa kwenye mwili. Gundi ya miaka 70 huachia hapo, na mwanga huingia kwa mstari mwembamba ambao kwa haraka unaweza kuudhania mng'ao wa chuma.

Kila unapokuta kitundu weka nukta ya chaki au penseli nyeupe. Ukiwasha taa ya chumba bila kuweka alama, hutakiona tena.

Nizibe kwa kutumia nini?

Adui mkubwa wa kazi hii ni unene. Mvukuto uliokunjwa unakaa kwenye nafasi ya milimita chache tu, na kila tabaka unaloongeza kwenye kona linaongezeka kwa idadi ya mikunjo. Kona nane zenye kiraka cha nusu milimita ni milimita 4, na hapo kamera haifungi, au inafunga kwa kulazimishwa na kupasua kona za jirani.

Kwa vitundu vya ncha ya sindano ninapendelea rangi nyeusi ya kitambaa, ile inayobaki laini ikishakauka, au mchanganyiko wa gundi nyeupe ya maji na rangi nyeusi ya akriliki. Futa kwanza kona kwa pamba ya masikioni yenye unyevu kidogo wa spiriti, kwa uangalifu, kwa sababu spiriti nyingi itang'oa rangi ya zamani. Acha ikauke. Chovya kijiti cha meno kwenye rangi, weka tone juu ya kitundu na ulisambaze milimita 2 au 3 kuzunguka. Mvukuto uwe umenyooshwa nusu wakati unapaka, maana ukipaka ukiwa umenyooka kabisa, utando utakunjamana na kupasuka siku ya kwanza ya kufunga. Acha saa kadhaa, paka mara ya pili, kisha uache kamera wazi usiku kucha au zaidi. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene, bila ubishi.

Akriliki hunata ikigusana na akriliki. Kabla ya kufunga kamera, gusa kona zilizopakwa kwa brashi laini yenye poda kidogo sana, kisha ipulize nje yote, kwa sababu poda ikibaki itaishia kwenye lenzi.

Kwa mpasuko wa milimita kadhaa, rangi peke yake haitoshi. Kata kiraka kidogo cha kitambaa chembamba cheusi au ngozi laini iliyochunwa kwa wembe hadi ikawa nyembamba kama karatasi. Kizungushe pembe zake, kipake gundi ya viatu kwa uchache, subiri ikaribie kukauka, kisha kibandike juu ya kona na kukikandamiza kifuate umbo la mkunjo. Kitambaa cha mwavuli ni chembamba na imara, lakini kiangalie kwanza juani: vingi vinapitisha mwanga na vinahitaji tabaka la rangi juu yake.

Paka nje ya mvukuto, si ndani, kila inapowezekana. Ndani kunatakiwa kubaki kweusi kusikong'aa, na kiraka cha ndani kinaweza kuchungulia kwenye njia ya mwanga na kukata ukingo wa picha, hasa kwenye kamera za sentimita 6 kwa 9.

Tepu nyeusi ya mafundi umeme je?

Hapana. Ni nene, haikunjiki vizuri kwenye kona, na gundi yake huyeyuka kwenye joto ikaacha unato unaoshika mikunjo pamoja. Ukifungua kamera, mikunjo inachanika. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam hilo halichukui muda mrefu.

Rangi ya kucha, gundi ya kukauka papo hapo, silikoni?

Mbili za kwanza hukauka zikawa ngumu na hupasuka pamoja na kitambaa kilicho chini yake, kwa hiyo unabaki na tundu kubwa kuliko la mwanzo. Silikoni nyeusi hubaki laini, lakini ni vigumu kuipaka kwa wembamba unaotakiwa, na baada yake hakuna kitu kingine kitakachoshika hapo.

Nina shughuli kesho na sina muda wa kuziba. Nifanyeje?

Rudi kwenye hesabu ya f/160. Muda ndio unaoharibu picha, basi ufupishe. Weka kamera imefungwa hadi dakika ya mwisho, ifungue, vuta filamu, piga, ifunge. Fungua polepole: ukiiachia iruke yenyewe, mvukuto hunyonya hewa na kuivuta filamu mbele, na picha inapoteza ukali. Ndiyo maana pia ni vizuri kuvuta filamu baada ya kufungua, si kabla. Ukisimama kivulini na kutupia kitambaa cheusi juu ya mvukuto, lenzi ikiwa wazi, mvukuto wenye vitundu viwili vitatu utakupitisha salama.

Vitundu vingapi ndipo niache kuziba nibadilishe mvukuto wote?

Idadi si kipimo kizuri. Angalia hali ya kitambaa. Ngozi ikiwa bado laini, hata kona sita zinazibika na zitadumu. Lakini ukiona karibu kila kona ina nyota, na nyenzo yenyewe inavunjika ukiiminya, au ngozi inaacha unga wa kahawia kidoleni, unaziba leo na itafunguka kona ya jirani wiki ijayo. Mvukuto wa plastiki wa Agfa ninaushauri ubadilishwe moja kwa moja. Kuuziba ni njia ya kuijaribu kamera kama lenzi na shata vinafaa kabla ya kuingia gharama.

Mivukuto mipya huagizwa kwa posta kutoka kwa mafundi wa Uingereza na China, na wengine huwa nayo tayari kwa kipimo cha Isolette. Njia nyingine ni kutoa mvukuto wa ngozi kutoka kwenye kamera mbovu ya Kodak iliyo kubwa kidogo na kuukata ukubali.

Naweza kushona mvukuto mpya mwenyewe?

Haushonwi, unagundishwa, na mtu mwenye mkono mtulivu anauweza. Mvukuto mzuri una tabaka tatu: nje ngozi nyembamba au kitambaa cha kufunikia vitabu, ndani kitambaa chembamba cheusi kisichopitisha mwanga, na katikati mbavu za karatasi ngumu zinazoulazimisha ukunjike kwa mistari iliyonyooka.

Usiutupe wa zamani. Ukishautoa, ufungue kwenye mshono wake, ambao kwa kawaida uko upande wa chini, uulaze bapa na unakili kila mstari kwenye karatasi. Hapo una kiolezo: upana wa mbele, upana wa nyuma, kina cha mkunjo na jinsi mbavu zilivyokatwa pembeni. Jinsi pembe zinavyokatwa ndiyo siri ya kazi yote, na mvukuto wa zamani umekwisha kukuonyesha.

Mbavu zikate kwenye karatasi ya manila kwa wembe mpya na rula ya chuma. Acha mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati ya ubavu na ubavu, ndipo mkunjo ukae. Zibandike kwenye kitambaa cha ndani, kisha laza ngozi juu na uikandamize kwa kucha kwenye kila mwanya hadi mistari ionekane. Zungushia kwenye kipande cha mbao chenye umbo la mvukuto, gundisha mshono upande wa chini, na anza kukunja kabla gundi haijakomaa, ukianzia mwisho mpana, pembe nne kwa zamu. Mkunjo wa kwanza ni mgumu na wa tatu tayari mikono imeelewa. Ukimaliza, uubane chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Kabla ya kuanza kwa ngozi, tengeneza mmoja wa karatasi tupu na uujaribu ndani ya kamera iliyofungwa. Karatasi ikiingia kwa shida, ngozi haitaingia kabisa.

Kutoa lenzi kunaniogopesha. Nikiirudisha itakuwa sawa?

Kwenye kamera nyingi za aina hii, lenzi na shata ni kitu kimoja kinachoshikwa na pete yenye mapengo mawili, ambayo unaifungua kutoka ndani ya mvukuto. Tumia kifungulio cha pete, si koleo linaloteleza kuelekea kwenye kioo. Piga picha kwa simu kila hatua. Kama kuna vipande vyembamba vya shaba au karatasi kati ya shata na bamba, virudishe vyote kwa mpangilio uleule, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua umbali wa lenzi na filamu.

Baada ya kufunga, kagua ukali. Tandaza kipande cha kioo chenye ukungu, au karatasi ya kupitisha mwanga ya wachoraji ikiwa imenyooshwa vizuri, juu ya reli ambazo filamu hulalia. Weka shata kwenye B na uishikilie wazi, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, weka umbali wa mwisho kabisa, uelekeze mnara wa simu ulio mbali sana. Ukiutazama kwa kioo cha kukuza, uwe mkali katikati na kwenye pembe zote. Upande mmoja ukififia, bamba la mbele limekaa mshazari na linahitaji kunyooshwa.

Ngozi imekauka. Niipake mafuta?

Dawa ya ngozi kidogo sana, kwa kitambaa, upande wa nje tu. Mafuta mengi hulegeza gundi inayoshikilia mbavu, na hayatafunga tundu lolote. Ziba kwanza, kwa sababu rangi haishiki kwenye mafuta.

Ninaishi pwani. Nihifadhi vipi?

Unyevu wa Zanzibar, Tanga au Lamu huotesha kuvu kwenye ngozi, na kutoka hapo kuvu huhamia kwenye lenzi. Mfuko wa ngozi wa zamani ndio mahali pabaya pa kuiweka kamera, maana unanyonya unyevu na kuushikilia. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ubadilishe vifuko hivyo mara kwa mara. Mende nao hula gundi na ngozi, kwa hiyo mfuniko una kazi mbili. Ihifadhi ikiwa imefungwa, umbo ambalo mvukuto ulitengenezwa ukae, lakini ifungue mara moja kila baada ya wiki chache na uipigishe shata.

Nijaribu kwa filamu gani?

Nyeusi na nyeupe ya bei nafuu. Angalia kwanza kipimo. Kamera nyingi za Ulaya hutumia 120. Kodak nyingi za miaka ya 1930 hadi 1950 zinataka 620, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1995. Ni filamu ileile ya 120 kwenye kigurudumu chembamba, na unaweza kuihamishia gizani kama una vigurudumu vya zamani.

Fanya jaribio hivi: fungua kamera, weka kifuniko kwenye lenzi, elekeza upande wa juu wa mvukuto juani kwa dakika moja, vuta filamu. Rudia kwa upande wa chini, kushoto na kulia. Fremu ya tano, yaani nafasi ya tano ya picha, ipite kamera ikiwa imefungwa. Fremu nne za kwanza zinakuambia upande unaovuja, na ya tano ikiwa na doa, tatizo haliko kwenye mvukuto.

Nimeziba, gizani sioni nyota hata moja, lakini doa lipo bado.

Rudia ukaguzi mvukuto ukiwa nusu umekunjwa, halafu fuata mambo haya kwa mpangilio: kidirisha chekundu, bawaba ya mlango, skrubu au ribiti iliyodondoka ikaacha tundu wazi, kisha shata yenyewe. Shata kagua kwa kuitazama kutoka nyuma huku lenzi ikielekea dirishani. Ukiona mng'ao mwembamba kati ya mabamba yake, hayafungi sawasawa. Mlango unaoacha mwanya, bandika uzi mweusi wa sufu ndani ya mfereji wake, halafu rudia jaribio la juani kwa fremu mbili tu kabla ya kumaliza filamu iliyobaki.